Mwambieni Azunguke

Februari ile nilikuwa nawaombea watu maradhi. Si maradhi mabaya. Nilitaka ugonjwa wa wastani, wa kumfanya mganga mkuu wa wilaya aandike kwamba mgonjwa huyu apelekwe Dar es Salaam kwa ndege, na akifika huko apone. Kama kungekuwa na duka la magonjwa ya namna hiyo ningekwenda kupanga foleni, na foleni miaka ile tulikuwa tumeshazizoea.

Nilikuwa rubani wa ndege ya serikali, ya injini moja, iliyokaa kwenye uwanja wa nyasi wa shamba la mkonge, chini kidogo ya Mombo. Leseni niliyokuwa nayo iliniruhusu kubeba dawa, mabwana shamba na wagonjwa. Leseni niliyoitaka ni ile ya kukaa kiti cha mbele kwenye ndege kubwa za abiria za shirika, na hiyo haitolewi kwa kujua kuruka tu. Inadai saa. Saa ya rubani huanza kuhesabiwa ndege inapojisogeza kwenda kuruka, na huisha inaposimama kabisa baada ya kutua. Hainunuliwi, haikopwi, hairithiwi. Mimi nilikulia kando ya barabara ya Mombo, nyuma ya kabichi za mama yangu, nikipatana na abiria wa mabasi ya Moshi kupitia dirishani huku dereva ameshatia gia. Kila kitu nilikihesabu mara mbili, wakati wa kutoa na wakati mteja anaposema asante. Saa za ndege ndiyo bidhaa ya kwanza niliyokutana nayo isiyokuwa na kupunguziwa.

Zilikuwa zimebaki tatu. Ukiangalia nyuma kwenye mamia niliyokwisha kuruka, tatu si kitu. Lakini shirika lilikuwa linachukua marubani wapya, na orodha ingefungwa Februari ikiisha. Asiyetimiza angesubiri mara nyingine, na kila niliyemuuliza mara nyingine ni lini alitazama dari.

Kwa mwaka mwingine zingekuwa kazi ya asubuhi mbili. Mwaka ule mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani kote na tulikuwa tumeambiwa tufunge mikanda. Amri ikaja kwamba ndege isiruke ila kwa mgonjwa mwenye kibali cha mganga mkuu. Ndege ikakaa. Kuku wa wafanyakazi wa mkonge wakapata kivuli chini ya bawa na wakaanza kutaga.

Tulikuwa marubani wawili kwenye ndege ile moja, kwa zamu. Mwenzangu alikuwa Mzigua wa Handeni, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, saa zake zilishatimia zamani na hakuwa na haraka ya kwenda popote. Mimi Msambaa, yeye Mzigua, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujaonana. Nilinunua zamu zake. Alikuwa na udhaifu mmoja, matunda damu ya kwetu milimani, yale mekundu yenye maji yanayochuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kikapu kimoja kwa wiki nzima ya zamu. Alidai viwili, nikasema nusu, tukakutana kwenye kimoja kilichojaa mpaka juu.

Kwa mama yangu hakukuwa na mti hata mmoja. Matunda yalitoka Gare, kwa mama mkwe wangu, naye hakuyatoa bure ingawa nilikuwa nimemwoa bintiye. Alitaka sabuni na mafuta ya taa kutoka Mombo, maana duka la kijiji lilikuwa na rafu nzuri zisizokuwa na kitu juu yake. Mapatano yote yalipita kwa mke wangu. Mimi na mama mkwe tulikuwa hatujawahi kuzungumza.

Hiyo si kwa ugomvi. Kwa watu wa rika lake, mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Kwa miaka mitano ya ndoa nilikuwa nimeshaona visigino vyake mara nyingi na kisogo chake mara kadhaa. Sura niliijua kwa kuwa mke wangu amefanana naye, au ndivyo nilivyoambiwa.

Siku zisizokuwa na zamu nilipanda basi kwenda Lushoto, alikokaa mke wangu na mtoto kwa mama yangu, na huko sikuweza kukaa. Lori la mbao likinguruma kwenye kona za mbali, naangalia juu. Mama akanipa maharage nichambue, nikayahesabu. Mke wangu akasema nikae chini, namchosha kunitazama. Nikakaa, nikasimama. Wiki ya mwisho ya mwezi ilipoanza nilimwomba apeleke ujumbe Gare, kikapu kimoja zaidi, cha mwisho, na mara hii nitaongeza mche wa sabuni.

Siku mbili baadaye mama mkwe alisimama ukingoni mwa tuta na upembo wake mrefu wa kuangulia matunda, akavuta tawi, tawi likakataa, yeye akaenda. Mashamba ya Gare si ya kuangukia. Ukianguka la kwako unasimamia la jirani. Aliteremka mashamba mawili na mfupa wa paja ukavunjika.

Wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela mpaka barabarani, na Landrova ya hospitali ikamchukua Lushoto. Mganga mkuu akasema mguu ule unahitaji kupasuliwa Dar es Salaam, akaandika kibali, akaagiza simu ipigwe Mombo. Karani wa shamba la mkonge akaja mbio uwanjani na habari kwamba yuko mgonjwa wa kuruka leo. Nikaanza kuondoa viti vya nyuma kupisha machela. Nilikuwa napiga mluzi. Kwenda na kurudi Dar es Salaam, kwa upepo wa kaskazi wa mwezi ule, ni saa mbili na dakika arobaini na tano. Nilishazihesabu mara mbili kabla karani hajamaliza sentensi. Zilizopungua ningezipata kwa kupita njia ya pwani, Tanga, Pangani, kisha kusini, dakika ishirini zaidi. Hakuna anayemlaumu rubani wa injini moja kwa kuufuata ufuko.

Landrova ilipofika, wa kwanza kushuka alikuwa mke wangu. Alikuwa amebeba kikapu cha matunda damu.

Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Nikarudi nyuma ya mkia wa ndege nikachuchumaa hapo, kichwa chini, nikatoa shikamoo kwa sauti ya kufika. Kutoka kwenye Landrova ikajibiwa marahaba, taratibu kabisa, kana kwamba tumepishana njia ya kisimani.

Wakamshusha kwenye machela chini ya bawa. Kuku wakahama. Mama mkwe akaagiza kikapu apewe mwenyewe, na Mzigua akakipokea kwa mikono miwili, akachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe Mzigua unayemaliza matunda yangu?"

"Ndiye mimi."

"Basi nipeleke wewe."

"Mimi nikikupaisha, mama, natua Handeni. Nakwenda kukuuza."

"Kwa mguu mmoja utapata bei gani?"

Mzigua akacheka mpaka akakaa chini, na pale nilijua nimepoteza zamu. Mama mkwe hakuwa akifanya mzaha. Alimweleza muuguzi aliyefuatana naye, binti wa Tanga mjini, kwamba hawezi kufungiwa ndani ya sanduku na mkwe wake, tena yeye akiwa amelala chali na mguu umefungwa mbao. Kulala mbele ya mkwe. Alisema ni heri arudishwe Gare, mfupa uunge wenyewe unavyotaka.

Mzigua alinifuata kwenye mkia. Akanong'ona kwamba matunda ameshayapokea, zamu ni yangu, yeye hawezi kuvunja mapatano. Ila mama ni mama, akisema Mzigua ndiye aruke, ataruka. Alikuwa ameacha utani, na hilo lilinitisha zaidi. Nyuma yake akaja mke wangu. Alikuwa amekesha hospitali na macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba watoto, leo wewe ni mkwe au ni rubani?"

Nikasema rubani.

"Na kesho?"

Kwa leo nilikuwa na pendekezo. Nikamwita muuguzi nikampa kwa sauti ambayo mama angeisikia: tutafunga kanga mbili katikati ya ndege, kutoka darini hadi sakafuni, mimi upande wa usukani, yeye na muuguzi upande wa nyuma. Sitageuza shingo. Atapakiwa mimi nikiwa mbali, na mimi nitaingia kwa mlango wangu wa mbele akiwa ameshafunikwa.

Kisha sauti kutoka chini ya bawa, kwa Kishambaa.

"Mwambieni, zimebaki ngapi?"

Nilimtazama mke wangu, naye akatazama mkonge. Sikujua kwamba saa zangu zilikuwa zimefika Gare.

"Mwambieni mama, tatu."

"Kwenda na kurudi ngapi?"

"Mbili na dakika arobaini na tano."

Mzigua alikuwa ameacha kutafuna.

"Mwambieni hazitoshi."

"Mwambieni nazijua. Nitazunguka kwa pwani."

Hapo akataja bei. Kanga mbili hazitoshi, ziwe tatu. Na kwa kuwa mkwe atakuwa amepita mahali pasipopitika, atoe mbuzi. Beberu wa milimani, mnene, si hawa wa nyika wanaokula magunia. Mazoea ni mazoea; nikasema kuku wawili.

"Mwambieni mguu wangu si wa kuku."

Nikasema mbuzi, lakini mdogo. Akasema ameshakuwa mkubwa tangu tulipoanza kuzungumza. Muuguzi, aliyekuwa akigeuza kichwa kwangu na kwake, alituomba tumalize, maana yeye amesomea uuguzi, hakusomea ukalimani. Nikakubali beberu mnene. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu niliyolipa bei ya kwanza.

Kanga zilitoka kwa mke wangu, mbili kutoka kwenye furushi na ya tatu aliyokuwa amejifunga mabegani. Mzigua alizifunga kwa kamba za mkonge. Kisha nikaingia mlango wangu na tukasogea. Nilikuwa najulikana kwa kusogea kwangu. Ardhini nilikwenda kama bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe, kila dakika ya kwenye majani nayo inahesabiwa. Siku ile nilisikia machela ikigonga kila shimo na nyuma ya pazia pakatoka sauti ndogo iliyobanwa kwenye meno. Nikaongeza mwendo.

Tuliporuka, milima ilibaki kushoto, imesimama kama mtu aliyekatazwa kuingia. Ili kwenda Tanga nilitakiwa kukunja kushoto baada ya kupita ncha ya milima. Dar es Salaam ilikuwa mbele, moja kwa moja, mawingu machache, hewa imetulia. Nilikaribia ile ncha na mkono wangu ukaanza wenyewe. Muuguzi akatoa kichwa kwenye ukingo wa pazia akapiga kelele sikioni mwangu, injini isimshinde. Aliuliza tunafika lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole na kusema sindano ya maumivu aliyochomwa Lushoto itaisha kabla ya hapo kama tutapita njia ya pwani, na yeye hana nyingine.

Niliuliza kama tukinyoosha.

"Mkinyoosha, itaishia tunapotua."

Ncha ya milima ilikuwa chini ya bawa. Zilikuwa zimebaki siku mbili za mwezi, na niliweza kuwahesabu wagonjwa wote wa Lushoto waliotarajiwa kuvunjika ndani ya siku hizo. Nilinyoosha.

Mtu aliyelala haoni nje, lakini mama mkwe alikuwa amelima miteremko maisha yake yote na alijua kitu kinapoinama na kisipoinama. Alingoja ndege ikunje, haikukunja. Kichwa cha muuguzi kikarudi.

"Mama anasema: mwambieni azunguke."

"Mwambie hakuna kuzunguka leo."

Kikaenda, kikarudi. "Anasema mguu ni wake na saa ni zako, kila mtu ashike chake."

"Mwambie rubani amesema."

Upepo wa kaskazi ulitusukuma vizuri mno, kwa mara ya kwanza nikauchukia.

Bado nilikuwa na kurudi. Kurudi ndege ingekuwa tupu, na hakuna sindano ya kungoja. Ningeweza kupita Pangani na Tanga na kuona bahari mpaka nichoke, mradi nitue Mombo kabla ya giza, maana uwanja wetu haukuwa na taa hata ya kandili. Nilipozima injini Dar es Salaam jua lilikuwa bado na muda wa kutosha. Nilihesabu mara mbili.

Gari la wagonjwa halikuwepo. Walituambia liko njiani. Tulimshusha, maana ndani ya ndege palikuwa tanuri, na nje hakukuwa na kivuli ila cha bawa, nacho kwa saa ile kilikuwa kimelala upande mwingine, kwenye majimaji ya mafuta. Lami ilikuwa inatoa moto. Muuguzi alikimbilia kwenye jengo kupiga simu. Ningeweza kuondoka. Mgonjwa nimeshamkabidhi, wapo wapagazi wawili wamesimama pale. Nilifungua kanga moja kwenye pazia, nikasimama upande wa kichwa chake, nikaitandaza hewani kwa mikono miwili iwe kivuli, na shingo nikaigeuza kutazama magharibi.

Ndivyo nilivyokaa. Nilikuwa natazama jua kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kutazama pasipokuwa na makosa. Niliona linavyoshuka. Muuguzi alirudi akasema linakuja, akaenda tena. Miguu yangu haikutulia. Nilikuwa nahamisha uzito huku na huku kama mtoto anayeomba ruhusa. Aliporudi mara ya pili sauti ikatoka chini ya kanga, dhaifu lakini bado ya kusuta.

"Mwambieni jua linamwacha."

"Mwambie nimeliona."

"Basi aende."

"Mwambie mikono imekufa ganzi, haiwezi kushika usukani."

Gari lilipofika nilishajua. Muda uliobaki ulitosha kunyoosha tu, na kutua na mwanga wa mwisho. Wakampakia. Mkono ukatoka dirishani na kunirudishia kanga, imekunjwa. Sikuona zaidi ya mkono.

Mzigua alikuwa amesimama ukingoni mwa uwanja, amekunja mikono, jua nyuma yake limegusa nyika. Nilitua, nikasogea polepole kuliko siku zote, mpaka akaanza kunipungia kama anayeita ng'ombe. Nilipozima injini akaniuliza ngapi. Nikasema kasoro kumi na tatu.

Akachagua tunda, akalipangusa kwenye suruali. Akasema dakika kumi na tatu ni muda wa kula kikapu, niziandike tu, nani atapanda juu kuzihesabu. Nikamwambia nitazihesabu mimi. Nikiwa siku moja juu ya mawingu na abiria wamejaa nyuma, nisije nikajiuliza kipi nilikifanya na kipi nilikiandika. Akasema Wasambaa tuna kichwa kigumu kama barabara yetu. Kisha akanipa tunda.

Mwezi uliisha hakuna aliyevunjika. Nilikwenda Dar es Salaam kujaribu kupatana na bwana wa orodha. Nilimpa sababu, nikampa njia ya pwani, nikampa upepo. Alinisikiliza kwa heshima na kuniambia nikamilishe, nije mara nyingine, na alipoona nataka kuuliza ni lini akatazama dari. Masika yalipita, kiangazi kikapita. Nilizimaliza dakika zile nikipeleka masanduku ya chanjo Tanga, kwa njia ya pwani, bahari yote ile na hakuna wa kumwonyesha. Shirika lilifungua orodha tena baada ya vuli. Nikaingia.

Mbuzi nilimpeleka Gare mwenyewe, kwa miguu kutoka barabarani, naye alikuwa mnene kiasi cha kukataa kila mwinuko. Mama mkwe alikuwa anatembea kwa fimbo, mguu mmoja umefupika kidogo. Alisema kwa mteremko wa Gare ni afadhali, sasa yuko sawa akipita upande mmoja. Tulikula jioni hiyo kabla sijaondoka kwenda kuanza mafunzo. Yeye chumba cha ndani, mimi sebuleni, na mlangoni mke wangu alitundika ile kanga. Kisha mtoto akalia nje, mke wangu akatoka, na wengine wakamfuata kwenda kumwona ndama. Tukabaki mimi na pazia.

Nilisikia bakuli likiwekwa chini.

"Mwambieni aongeze nyama."

Niliangalia huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kuambiwa.

"Mwambieni nimeshiba."

"Mwambieni siku ile angezunguka tu."

Nilitafuna kwanza. "Mwambieni mguu ulikuwa unasikika mpaka kwenye usukani."

Fimbo iligonga sakafu mara moja, kama mtu anayefunga biashara, na mkono ninaoujua ukapita chini ya kanga na kusukuma bakuli la nyama upande wangu.